Utafiti wa ununuzi hauna masikio ya kusikia lugha ya tenda

NIKIZIPANGA mezani tasnifu kumi za uzamili kuhusu ununuzi wa umma zilizoandikwa katika vyuo vikuu vyetu, kisha nifunike majalada, sidhani nitaweza kuzitofautisha. Anwani zake ni kana kwamba zimetoka kwenye kalibu moja: athari za kitu fulani kwa utendakazi wa ununuzi katika kaunti fulani. Leo kitu hicho ni teknolojia, kesho ni mafunzo ya wafanyakazi, kesho kutwa ni uteuzi wa wauzaji. Kaunti nazo ziko 47, kwa hivyo mada haziishi. Sura ya pili huleta nadharia tatu au nne, sura ya tatu huleta hojaji, sura ya nne huleta majedwali, na sura ya tano hutangaza kuwa kitu kile kina athari chanya. Mapendekezo? Maafisa wapewe mafunzo zaidi. Utafiti wa baadaye? Ufanywe katika kaunti nyingine.

Sisemi haya kuwakejeli wanafunzi. Wengi wao husoma jioni baada ya kazi, hulipa karo kwa jasho lao, na hufuata kielelezo walichopewa na wasimamizi wao. Ninalolilalamikia ni kielelezo chenyewe. Hoja yangu ni kwamba utafiti wetu kuhusu ununuzi na ugavi unaandikwa kwa namna inayohakikisha kuwa mtafiti hasikii kinachosemwa na watu wanaouza, wanaonunua na wanaodai. Tatizo hilo, kwa sehemu kubwa, ni la lugha.

Jambo hili si dogo. Ununuzi wa umma ndio mlango ambao kodi hupitia ili igeuke dawa, madawati, mabomba ya maji na lami. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 227, inaagiza kwamba taasisi ya umma inunue bidhaa na huduma kwa mfumo wenye haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inatenga angalau asilimia 30 ya ununuzi kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ahadi kama hizo zinahitaji watafiti wa kuzichunguza zinavyotekelezwa mashinani. Je, tunao?

Utafiti uliozaliwa na swali

Hebu kwanza tuone utafiti mzuri wa taaluma hii unavyoonekana, tusije tukadhani kwamba taaluma yenyewe ni kavu. Mnamo 1997, Hau Lee, V. Padmanabhan na Seungjin Whang walieleza kitendawili kilichokuwa kimewashangaza mameneja wa kampuni ya Procter & Gamble. Watoto hutumia nepi kwa kiwango kisichobadilika sana. Hakuna wiki ambayo watoto wote wa nchi huamua kulowanisha nepi mara mbili zaidi. Mauzo madukani nayo hayakuyumba mno. Lakini oda za wasambazaji ziliyumba, na oda ambazo kampuni ilipeleka kwa waliokuwa wakiiuzia malighafi ziliyumba zaidi. Jambo hilo huitwa athari ya mjeledi: mkono ukitikisika kidogo kwenye mpini, ncha huruka mbali.

Waandishi hao walitaja visababishi vinne, na kimoja mwananchi wa Kenya atakitambua mara moja. Bidhaa ikiadimika na muuzaji akaanza kuigawa kwa vipimo, mnunuzi huongeza oda kwa hila: huagiza kumi ili apewe tano. Mnamo 2017, serikali ilipofadhili unga wa mahindi uuzwe Sh90 kwa pakiti ya kilo mbili, maduka mengi yalimwekea kila mteja kikomo cha pakiti. Jiweke katika nafasi ya mwenye duka anayejua kuwa hatapewa katoni zote atakazoitisha. Utaandika oda ya kweli, kweli? Na kiwanda kikiiona oda hiyo, kitajuaje mahitaji halisi ya wateja wako?

Chukua mfano mwingine. Mnamo 1983, Peter Kraljic, aliyekuwa mshauri wa kampuni ya McKinsey, aliandika makala katika jarida la Harvard Business Review akiwataka wakubwa wa viwanda waache kumwona afisa wa ununuzi kama karani wa kujaza fomu. Aliuliza maswali mawili tu: bidhaa hii ina uzito gani kwetu, na kuna hatari gani ya kuikosa? Maswali hayo yanatoshea hata shule ya bweni. Chaki ni rahisi na kila duka linayo. Kuni si kitu cha fahari, lakini siku zikikosekana wanafunzi mia nane watalala njaa. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma mwezi Februari 2018, mwalimu mkuu aliyekuwa akizichukulia kuni kama chaki alifaa kusoma Kraljic.

Kinachonivutia katika kazi hizi mbili ni kwamba zilianza na jambo lililoonekana: oda zinazoyumba bila sababu, mkubwa anayeshtuka bidhaa ikikosekana. Jina la nadharia lilifuata baadaye. Sisi tumegeuza mambo. Tunaanza na jina, kisha tunatafuta kaunti ya kulivisha.

Kumwamini wakala

Nadharia inayopendwa zaidi katika tasnifu hizi ni ile ya uwakala, ambayo aghalabu hunasibishwa na makala ya Michael Jensen na William Meckling ya 1976. Kwa ufupi, mwenye mali humwajiri wakala amfanyie kazi. Wakala ana maslahi yake na anajua mambo ambayo mwenye mali hayajui, kwa hivyo anaweza kujinufaisha gizani. Wahenga wetu walilisema hilo kwa maneno manne: paka akiondoka, panya hutawala.

Basi tazama kinachofanyika. Katika sura ya pili, mtafiti anaeleza kwa kurasa kadhaa kwamba wakala huficha habari. Katika sura ya tatu, anampelekea wakala huyo huyo, yaani afisa wa ununuzi, hojaji yenye kauli kama hii: "Ununuzi katika idara yetu hufanywa kwa uwazi." Afisa anaweka alama ya kukubali. Katika sura ya nne, alama hiyo inajumlishwa na nyingine, inatafutiwa wastani na kuwekwa kwenye jedwali. Sura ya tano inasema kuna uwazi. Kwani ile nadharia ilikwenda wapi? Ingechukuliwa kwa uzito, ingemzuia mtafiti kuyaamini majibu hayo bila ushahidi mwingine. Imewekwa pale kama kitambaa cha meza, ya kupendeza macho ya watahini.

Kipimo hicho cha alama tano, kutoka kukataa kabisa hadi kukubali kabisa, kina asili yake. Rensis Likert alikipendekeza mnamo 1932 kwa ajili ya kupima mitazamo ya watu. Ni chombo kizuri ukitaka kujua watu wanahisi vipi kuhusu jambo. Lakini uwazi wa zabuni hauhusu hisia za afisa. Ama tangazo lilitolewa au halikutolewa. Ama waliokosa walielezwa sababu au hawakuelezwa. Mambo hayo yana karatasi, tarehe na sahihi.

Hata lugha ya kipimo hicho hutuchezea shere. Hojaji ikitafsiriwa, tunaandika "nakubali" na "nakataa". Lakini kukubali kwa Kiswahili kuna maana zaidi ya moja. Mtu hukubali kauli kwa kuiafiki, hukubali ombi kwa kuliridhia, na hukubali kosa kwa kulikiri. Mwulize mhudumu wa stoo kama anakubali kwamba vitu hupokewa kabla ya kukaguliwa. Akisema "nakubali", ameafiki kauli yako au amekiri kosa lake? Yeye mwenyewe atasita, na kusita kwake ndiyo data bora zaidi ambayo ungeipata siku hiyo. Jedwali halina safu ya kusita.

Tenda na zabuni

Sasa tuyaangalie maneno yanayotumiwa na watu wenyewe. Katika maandishi rasmi ya Kiswahili tuna neno zabuni. Nje ya maandishi hayo, Wakenya wengi husema tenda. Walimu wa lugha hukimbilia kusahihisha: usiseme tenda, sema zabuni. Mimi nadhani kabla ya kusahihisha tungesikiliza, maana maneno haya mawili hayatembei na vitenzi sawa.

Zabuni ni neno lenye asili ya Kiarabu, na katika Kiswahili maana yake ya zamani ni kutaja bei mnadani. Mnada ni mahali pa sauti. Mnadi anapaza sauti, huyu anataja bei, yule anaongeza, na umati mzima unasikia nani amesema ngapi. Mzabuni ni mtu anayesikika. Ndiyo maana neno hili huandamana na kushindana, kushinda na kushindwa. Sheria yetu imehifadhi chembe ya mnada huo: bahasha za zabuni hufunguliwa mbele ya wazabuni wanaotaka kuhudhuria, na bei husomwa. Ila baada ya hapo mlango hufungwa, kamati ya tathmini hukaa peke yake, na sauti hukoma.

Tenda nayo ina vitenzi vyake. "Nani alipewa tenda ya hiyo barabara?" "Yule jamaa alipata tenda ya kusapulai maziwa shuleni." "Hiyo tenda ina wenyewe." Tenda hupewa mtu, huliwa, hunyang'anywa, huwa na wenyewe. Ni nadra nisikie mtu akisema kwamba fulani alishinda tenda kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu na kazi yake safi. Sarufi ya mtaani imemweka mtoaji mahali ambapo sheria iliweka ushindani.

Najua mtu atanipinga hapa: vitenzi havithibitishi ufisadi. Ni kweli. Mtu anaweza kusema fulani "alipewa" hata kama fulani alishinda kihalali. Lakini hilo nalo ni swali zito la utafiti. Kama wafanyabiashara wadogo wanaamini kwamba tenda hupewa, huenda wasiombe kabisa, hata ile iliyotengewa vijana na wanawake. Ushindani utapungua bila mtu kuuzuia, na bei zitapanda bila mtu kula rushwa. Mtafiti aliyepeleka hojaji ya Kiingereza kwa maafisa pekee hatalijua hilo, kwa sababu asiyeomba hayumo kwenye orodha ya wahojiwa.

Deni lisilo na mdaiwa

Mfano wa pili unaumiza zaidi. Kwa Kiingereza cha serikali, pesa ambazo wauzaji wanadai huitwa "pending bills". Msikilize msemo huo vizuri. Bili imekaa tu, inasubiri, kama abiria kituoni. Hakuna aliyeikalisha. Watafiti wetu wameuchukua msemo huo ulivyo na kuufanya kigeu: kuchelewa kwa malipo na athari zake kwa utendakazi wa wauzaji.

Mwulize mama aliyepeleka mahindi na maharagwe katika taasisi ya umma kwa mkopo wa chama. Hatakuambia ana bili inayosubiri. Atakuambia, "Nawadai." Katika Kiswahili deni halikai peke yake, lina mdai na mdaiwa, na wote wawili wana majina. Ukiandika "deni", msomaji anauliza papo hapo: nani anamdai nani, tangu lini, na kwa nini halilipwi? Maswali hayo matatu ndiyo utafiti unaohitajika. Serikali yenyewe ililazimika kuunda kamati mnamo 2023 ili ihakiki madai yaliyolimbikizwa tangu 2005 hadi 2022. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kwanza wa madai hayo alikuwa amemaliza shule ya msingi kabla ya mwaka wa mwisho.

Kuna pia mambo ambayo deni hilo hulifanya soko, na ambayo yangefaa kuwa kiini cha tasnifu. Muuzaji anayejua kwamba atalipwa baada ya miaka miwili atapandisha bei leo ili afidie riba na wasiwasi. Asiye na mtaji wa kusubiri ataondoka. Watabaki wenye mifuko mirefu au wenye mtu wa kuwasukumia malipo. Wananchi wakilalamika kwamba serikali hununua kalamu kwa bei ya kushangaza, sehemu ya jibu huenda iko hapo. Ni hesabu ambayo mwanafunzi wa uzamili anaweza kuifanya akiwa na stakabadhi chache na wauzaji ishirini walio tayari kuzungumza lugha yao.

Mnyororo wa nani?

Hata jina la taaluma lafaa kudadisiwa. Msemo wa Kiingereza "supply chain management" huhusishwa na Keith Oliver, mshauri wa kampuni ya Booz Allen Hamilton, aliyeutumia mnamo 1982. Kwa Kiswahili wapo wanaosema mnyororo wa ugavi, wapo wanaosema msururu wa usambazaji, na wapo wanaosema mkondo. Mnyororo una historia nzito katika pwani yetu. Ni kitu cha kufungia watu kabla ya kuwa picha ya biashara. Msururu unamkumbusha Mkenya foleni. Mkondo unaashiria kitu kinachotiririka chenyewe. Binafsi sina ugomvi na mnyororo, maana una faida moja: unatukumbusha kwamba pete moja ikikatika, vyote vimekatika.

Neno ninalolipenda zaidi ni ugavi, linalotokana na kugawa. Kugawa kunamtazama anayepokea. Huwezi kugawa bila kuwa na wa kumgawia, na huwezi kugawa bila kuulizwa kama umegawa kwa haki. Wenzetu wa Tanzania walilikubali neno hili kitambo. Wana Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, na wana Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma. Tangazo la zabuni kwao huweza kusomwa na fundi seremala bila mkalimani. Sisi tuna Katiba ambayo Kifungu chake cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini nyaraka za zabuni ninazoziona ni za Kiingereza kizito cha mawakili. Kisha tunashangaa vikundi vya akina mama vinapokosa kuzijaza ipasavyo.

Hata hivyo nisieleweke vibaya. Sidai kwamba tasnifu ikiandikwa kwa Kiswahili itakuwa nzuri. Kalibu ile ile ikimiminiwa Kiswahili itatoa tofali lile lile, na vyuo vya Tanzania navyo hufundisha taaluma hii zaidi kwa Kiingereza. Wala sikatai kwamba majarida ya kimataifa yanataka Kiingereza na mhadhiri anahitaji kupandishwa cheo. Ninachodai ni kidogo zaidi: lugha ya kukusanyia ukweli iwe ile ambayo ukweli unasemwa. Ripoti iandikwe baadaye kwa lugha yoyote.

Kwa vitendo, hilo lina maana gani? Kwanza, mahojiano yafanywe kwa Kiswahili au lugha ya mhojiwa, na maneno yake yahifadhiwe. "Alipewa" isigeuzwe kimyakimya kuwa "alishinda" katika tafsiri. Pili, waliokosa zabuni wahojiwe pamoja na waliopata, na wasioomba kamwe watafutwe waulizwe kwa nini. Tatu, karatasi zisomwe. Bodi inayopitia malalamiko ya zabuni hutoa uamuzi ndani ya siku 21, na maamuzi hayo huchapishwa. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ziko wazi kwa umma. Humo mna mivutano halisi, tarehe halisi na bei halisi, tele kuliko alama tano za hojaji. Nne, kila tasnifu iwe na ikisiri ya Kiswahili, si kwa ajili ya mapambo, bali ili mwenye duka aliyetoa saa yake kuhojiwa aweze kusoma alichosababisha kiandikwe.

Wahadhiri wa Kiswahili nasi tuna sehemu yetu. Tumezoea kuwapa wataalamu wa biashara orodha za istilahi na kuondoka, kama mtu anayemkabidhi jirani jembe bila kuuliza analima nini. Tungekaa nao mezani wakati hojaji inapotungwa, tuwaonyeshe kwamba "ufanisi" tayari ni sifa nzuri na hauwezi kusimama badala ya "utendakazi", ambao waweza kuwa mzuri au mbovu. Mtafiti anayeuliza kuhusu ufanisi wa ununuzi ameshajibu nusu ya swali lake.

Kwa wasimamizi wa tasnifu nina ombi moja tu. Kabla ya kuidhinisha hojaji nyingine kuhusu utendakazi wa ununuzi katika kaunti nyingine, mwulizeni mwanafunzi wenu kwa Kiswahili: nani alikosa tenda hii, nani bado anadai, na je, umewahi kuketi naye mkaongea?